SOMO LA VIKUNDI: Kupima Maji ya Bahari Yakijaa na Yakipwa



Katika toleo hili tuna somo kwa vikundi vinavyofanya kazi kando ya bahari, kutoka Vanga mpaka Kiunga. Wengi wenu mmeanza miradi inayotegemea maji ya chumvi: mabwawa ya samaki mwatiko, ufugaji wa kaa, vitalu vya mikoko, mashamba ya mwani, na hata vivuko vidogo vya mbao. Miradi hii yote ina adui mmoja na rafiki mmoja, naye ni yule yule: maji kujaa na kupwa.

Tunapotembelea vikundi tunasikia neno hili mara nyingi: "Hapa hapafikiwi na maji." Nani alipima? Alipima siku gani? Hapo watu hunyamaza. Pesa za kikundi zimetoka kwa jasho, shilingi ishirini ishirini kila wiki. Haifai kuzifukia mahali ambapo bahari itazifuata.

Shabaha ya somo: Mkimaliza kusoma na kujadiliana, kikundi kiweze (1) kueleza bamvua na maji mafu, (2) kusimamisha mti wa kupimia, (3) kuweka daftari la vipimo, na (4) kutumia vipimo hivyo kuamua mahali na urefu wa kazi yenu.

1. TUANZE NA YALE TUNAYOYAJUA

Wazee wa pwani wanayajua mambo haya kuliko vitabu. Kwa siku nzima maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na dakika chache. Kila siku maji huchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Leo yakijaa saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano.

Mwezi na jua ndivyo vinavyoyavuta maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja. Maji hupanda sana na kushuka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Huwa kali zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvutana kwa njia tofauti, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ni maji mafu.

Katika bandari ya Kilindini, Mombasa, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu ni karibu mita moja tu. Tena bamvua zote si sawa. Zile za karibu na miezi ya Machi na Septemba huwa kubwa kuliko nyingine. Kwa hiyo mtu akipima wakati wa maji mafu, amepima nusu ya habari.

Pwani yetu ina alama nyingine nzuri. Huku Mombasa na jirani, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Ndiyo sababu akina mama wa pweza na wa mwani huenda mwambani asubuhi za bamvua.

2. KWA NINI TUPIME, NA WAZEE WANAJUA?

Swali hili tumeulizwa, na ni swali la haki. Mzee anajua maji yatafika wapi. Lakini fundi anayejenga ukingo wa bwawa anataka sentimita. Afisa wa uvuvi anayekuja kukagua mradi anataka maandishi. Na mzee akiondoka, ujuzi wake unaondoka naye. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuunganishe ujuzi wa mzee na daftari la kijana.

Kuna sababu nyingine tatu.

Kwanza, bahari yenyewe inapanda. Wataalamu wa dunia walieleza mwaka 2021 kwamba kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 zilikuwa zikipanda karibu milimita 3.7 kila mwaka. Milimita tatu si kitu kwa macho. Kwa miaka ishirini ni zaidi ya sentimita sita, na katika pwani iliyo tambarare sentimita sita za wima zinaweza kuwa hatua nyingi za shamba.

Pili, ardhi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya alama ya maji ya juu na alama ya maji ya chini ni ardhi ya umma. Vijiji vingi vina ugomvi juu ya diko la wavuvi na njia ya kushukia pwani. Mtu anaweka ua, anasema maji hayafiki. Daftari lenu halichukui nafasi ya mpimaji wa serikali, lakini likiwa na tarehe, saa na majina ya waliopima, mtakuwa na kitu cha kuweka mezani kwa chifu.

Tatu, usalama. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Indonesia ilifika mpaka kwetu mchana. Maji yalipanda na kushuka mara kadhaa nje ya saa zake, na mtu mmoja alikufa maji hapa Kenya. Mashine za kupimia maji za Mombasa, iliyoanza 1986, na Lamu, iliyoanza 1995, zilirekodi jambo hilo. Anayezijua saa za maji ndiye anayetambua haraka kwamba maji yamekwenda vibaya. Maji yakikimbia ghafla wakati si wake, usiende kuokota samaki. Piga kelele, chukua watoto, panda juu.

3. VIFAA

- Mti mmoja ulionyooka au bomba la chuma la mita 5. Pwani ikiwa tambarare sana, miti mitatu ya mita 2 au zaidi.
- Rangi nyeupe na nyeusi (au nyekundu) ya mafuta, na brashi.
- Tepu ya fundi.
- Mpira mwembamba wa kuonyesha maji ndani, mita 10 au 15, ule mafundi wa nyumba wanaotumia kusawazisha msingi.
- Simiti kidogo, mchanga na kokoto.
- Daftari la jalada gumu, kalamu ya risasi (wino huyeyuka), saa na tochi.

Vitu vingi vinapatikana kijijini. Mpira muazimeni kwa fundi.

4. KUSIMAMISHA MTI

Hatua ya kwanza: Chagueni mahali. Pawe na kivuli cha mawimbi, kama ndani ya mkono wa bahari au nyuma ya mwamba. Pasiwe kwenye mdomo wa mto, kwa sababu maji ya mvua yatawadanganya. Chini ya mti pasikauke hata siku ya bamvua kali. Nguzo ya gati ikiwapo, ombeni ruhusa muufunge mti hapo.

Hatua ya pili: Pigeni mistari. Anzeni sifuri chini kabisa. Kila sentimita 10 wekeni mstari mfupi, na kila mita mstari mrefu na namba kubwa inayosomeka kutoka kwenye mtumbwi.

Hatua ya tatu: Simamisheni mti wima, uzame vizuri, ufungwe usitikisike. Mti ukishuka sentimita 5 bila nyinyi kujua, kazi yote imeharibika.

Hatua ya nne, ambayo wengi huisahau: Wekeni alama ya kudumu. Tafuteni jiwe kubwa lisilosogea, au mwageni nguzo fupi ya simiti juu ya mahali maji yanapofika. Chongeni alama juu yake. Maji yakipwa, chukueni mpira uliojaa maji, bila mapovu ndani. Ncha moja iwe kwenye alama, nyingine kwenye mti. Maji ya ncha zote mbili hukaa sawa, na hapo mtajua alama iko sawa na namba gani ya mti. Umbali ukizidi urefu wa mpira, pigeni vigingi njiani mwende hatua kwa hatua, kisha mrudi mpaka mlipoanzia. Mkirudi na tofauti ya zaidi ya sentimita 2, rudieni. Mti ukija kung'olewa na dhoruba, alama ndiyo itakayowaambia mahali ulipokuwa.

Kwa pwani tambarare: Simamisheni miti mitatu, wa chini, wa kati na wa juu. Kichwa cha mti wa chini kipite mguu wa mti wa kati kwa sentimita 30 au zaidi, vivyo hivyo kwa wa juu. Siku ya utulivu, maji yakigusa miti miwili, someni yote kwa wakati mmoja. Mti wa chini ukisema 1.80 na wa kati 0.20, basi kila kipimo cha mti wa kati mkiongeze 1.60. Maji yenyewe yamewasawazishia.

5. KUSOMA NA KUANDIKA

Pangeni zamu za watu wawili wawili. Usiku asiende mtu peke yake, na mtoto asitumwe.

Someni kila saa moja. Maji yakikaribia kujaa au kupwa, someni kila dakika 10, mpaka mwone yamegeuka. Kukiwa na mawimbi, angalieni kilele cha wimbi na bonde lake kwa muda wa dakika moja hivi, kisha chukueni katikati. Kilele kikiwa 2.40 na bonde 2.20, andikeni 2.30.

Katika daftari wekeni safu hizi: tarehe, siku ya mwezi (mwandamo ni siku ya kwanza), saa, kipimo, upepo na mvua, majina ya waliosoma. Safu ya upepo isidharauliwe. Kusi kali linaweza kuyasukuma maji juu ya pale yalipotazamiwa.

Kama zamu za usiku haziwezekani, kuna njia ya mkato. Chukueni bomba la plastiki, litobolewe matundu machache madogo chini, lifungwe kando ya mti. Ndani tieni ufito mrefu uliopakwa chaki. Maji yakipanda huosha chaki mpaka yalipofika. Asubuhi toeni ufito, pimeni, pakeni tena. Hamtapata saa, lakini mtapata kimo.

Mpime kwa muda gani? Siku 15 zitawapa bamvua moja na maji mafu mara moja. Siku 29, yaani mwezi mzima wa mbalamwezi, ni bora zaidi.

6. JEDWALI LA BANDARI

Halmashauri ya Bandari (KPA) huchapisha jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka mzima. Kikundi kinaweza kuomba kuliona kwa afisa wa uvuvi au BMU. Mambo mawili yaangaliwe.

Saa za jedwali ni za kizungu, zikianza usiku wa manane. 0412 ni saa kumi na dakika 12 alfajiri. 1630 ni saa kumi na nusu jioni. Mtu akichanganya hapo, amechelewa saa sita.

Na vimo vya jedwali vinahesabiwa kutoka sifuri ya bandari, ambayo iko karibu na maji ya chini kabisa. Sifuri ya mti wenu ni nyingine. Kwa siku saba au zaidi linganisheni maji kujaa ya jedwali na ya mti, mtafute tofauti ya wastani. Mti ukisoma 3.65 na jedwali 3.60, tofauti ni sentimita 5. Mkishaijua, mtaweza kutumia jedwali kujua maji ya miezi ambayo hamjapima.

7. MFANO WA KUFANYIA HESABU

Tuseme kikundi kinataka kuchimba bwawa la mwatiko. Mpira unaonyesha alama ya kudumu iko sawa na 4.20 ya mti. Uwanja wa bwawa uko sentimita 90 chini ya alama. Basi uwanja uko sawa na 3.30.

Wamekwenda kutazama siku ya maji mafu. Maji yalijaa mpaka 2.45. Uwanja uko sentimita 85 juu ya maji. Kila mtu anafurahi: "Pakavu kabisa!" Wanapanga ukingo wa sentimita 50 ili kupunguza gharama.

Baada ya siku saba bamvua inakuja. Maji yanafika 3.65, sentimita 35 juu ya uwanja. Ukingo wa 50 bado unazuia, kwa shida. Lakini jedwali linasema katika mwaka huo kuna siku maji yatafika 4.00 bandarini, yaani 4.05 kwenye mti. Hayo ni sentimita 75 juu ya uwanja. Usiku huo ukingo wa 50 utapitwa kwa sentimita 25, na samaki wa miezi mitano watarudi kwao baharini.

Hesabu iliyo salama: 75 za maji, jumlisha 50 za mawimbi, upepo na kuongezeka kwa bahari. Jumla ni sentimita 125. Tena udongo mpya hushuka, kwa hiyo ukingo ujengwe juu zaidi ya hapo na ushindiliwe vizuri. Kama gharama ni kubwa, afadhali mjue leo, mtafute uwanja mwingine, kuliko kujua baada ya kuchukua mkopo. Na kabla ya jembe la kwanza, ulizeni ruhusa. Msitu wa mikoko ni wa serikali kwa niaba ya umma, haukatwi bila kibali.

8. KWA MIKOKO NA MWANI

Miche mingi ya mikoko hufa kwa sababu imepandwa kimo kisichofaa. Kila mti una mahali pake. Mlilana huvumilia upande wa bahari. Mkoko hukaa nyuma yake, penye matope na maji ya mara kwa mara. Mkandaa hukaa juu zaidi. Mchu huonekana mpaka upande wa nchi kavu, ambako maji hufika siku za bamvua tu. Kabla ya kupanda, angalieni miti ya asili iliyo jirani imesimama kimo gani, pelekeni kimo hicho kwa mpira mpaka mahali penu, mpande hapo. Watu wa Gazi, Kwale, ambao mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, wametuonyesha kwamba mikoko iliyotunzwa ni mali ya kijiji.

Kwa mwani, tafuteni kimo ambacho mmea hauanikwi juani kwa muda mrefu maji yakipwa, na bado akina mama wanaweza kusimama kufunga kamba siku za bamvua. Mti wa kupimia utawaambia ni saa ngapi za kazi mnazo kila siku.

9. KANUNI YA KUMI NA MBILI

Hii kila mtu aende nayo nyumbani. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanyeni mpando wote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Siku ya mpando wa mita 3, fungu moja ni sentimita 25. Basi: 25, 50, 75, 75, 50, 25.

Mama amevuka mkondo kwenda mwambani maji yakiwa ya magoti, sentimita 50, wakati yamepwa kabisa. Baada ya saa mbili yameongezeka 75, sasa ni 125, kifuani. Akikaa saa moja tu zaidi, ni mita 2. Yanampita kichwa. Saa mbili za kwanza zilimfanya aone kuna nafasi, ya tatu ikamfungia njia. Kwa hiyo tunashauri: maji yakigeuka, anza kurudi. Pweza wa mwisho asikuchelewesha. Na kila kundi linaloenda mwambani liwe na mtu mmoja mwenye saa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, maji ya juu kabisa yaliwahi kufika wapi? Nani alishuhudia? Twendeni naye tuweke alama.
2. Mradi wetu uko juu au chini ya alama hiyo kwa sentimita ngapi?
3. Nani atashika daftari, na litakaa wapi ili lisipotee?
4. Watoto wetu wanajua kwa nini maji yakikimbia ghafla hawafai kuyafuata?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA TOLEO LIJALO: Kila kikundi kisimamishe mti, kipime siku 15, kisha katibu atuandikie vipimo viwili tu: maji ya juu kabisa na ya chini kabisa, pamoja na tarehe na saa. Tutavipanga pamoja ili kijiji kimoja kijifunze kwa kingine.

Maji yakijaa hupwa. Sisi tuwe tumeandika yalipofika.